Mabega Makubwa Kuliko Kichwa

Shujaa wa World of Warcraft, kwa haki, hapaswi kuweza kuinua mkono. Kila bega limebebeshwa pande la chuma lenye ukubwa wa sufuria ya pilau ya harusi, na juu yake kuna miiba, fuvu la mnyama au moto usiozimika. Akiinua upanga juu ya kichwa, bega lake mwenyewe lingemng'oa taya. Lakini tangu gemu hiyo ya mtandaoni ilipofunguliwa Novemba 23, 2004, mamilioni ya watu wamemwona akiinua upanga kutwa kucha. Chuma hupita ndani ya shavu kama moshi, na hatoki hata tone la damu.

Mzozo kuhusu mabega hayo haujawahi kupoa. Wapo wanaotaka deraya ya kuaminika: ifunike kifua, ikunjike kwenye viungo, ifanane na kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekivaa akijua anakwenda kupigwa. Na wapo wanaojibu kwamba dirii yao wameihangaikia miezi mitatu, kwa hiyo iacheni ing'ae. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza. Kilichonitoa huko wala si gemu, ni chapeo ya mwaka 1543.

Chapeo hiyo inakaa New York, kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan. Aliifua Filippo Negroli wa Milano. Bakuli lake lote limetokana na bamba moja la chuma, na utosini amejilaza kiumbe nusu mwanamke, nusu samaki, ameshika nywele za kichwa cha Medusa. Ni kazi ya kukufanya usahau kupumua, na vitani ni balaa. Deraya za karne ya 15 zilifanywa laini na zenye mbinuko kwa sababu ncha ya mkuki ikigusa mbinuko laini huteleza ikaenda zake. Ikikuta pua, nywele na magamba, hupata pa kung'ang'ania. Negroli aliyajua hayo kuliko sisi sote. Lakini wateja wake walikuwa watu wa daraja la mfalme mkuu Charles wa Tano, na walichotaka ni chapeo ya kuingilia mjini, umati ukiwa umejipanga barabarani.

Deraya ya vita ilikuwa kitu kingine. Nzima ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, na uzito huo uligawanywa mwili mzima, hivi kwamba aliyeivaa alipanda farasi bila kunyanyuliwa na mtu. Kinga ya bega ilikuwa vipande vyembamba vilivyopandana kama magamba ya kakakuona, vikiteleza juu ya mikanda ya ngozi na ribiti. Mara nyingi bega la kulia lilipunguzwa ili mkuki upate pa kukaa kwapani. Hakuna fuvu, hakuna moto. Na zile pembe za Waviking ambazo kila gemu imezirithi zilipata umaarufu wake jukwaani: Carl Emil Doepler ndiye aliyebuni mavazi ya opera za Wagner zilizoonyeshwa Bayreuth mwaka 1876, na chapeo za pembe zikawa miongoni mwake.

Kwa hiyo hata mafundi wa kweli walikuwa na deraya ya kupigwa na deraya ya kutazamwa. Sasa jiulize gemu ya mtandaoni inahitaji ipi. Ndani ya seva hakuna upanga unaogusa chuma. Kuna namba ya mshambuliaji, namba ya mshambuliwaji, na bahati nasibu kidogo katikati. Shati la pamba lenye namba kubwa huzuia shoka kuliko bamba la chuma lenye namba ndogo. Kazi ya kuzuia pigo ikishachukuliwa na hesabu, deraya inabaki na kazi moja tu, kuonekana.

Na kuonekana kulitegemea mashine ya wakati huo inaweza nini. Ultima Online, iliyotoka Septemba 1997, ilimwonyesha mtu kutoka juu kwa mshazari, mdogo kama kidole. Kwa umbo hilo fahari ilikuwa rangi, na pipa la rangi nyeusi liliwindwa kama almasi. EverQuest ilipokuja Machi 1999 ilileta miili ya pande tatu, lakini kompyuta za siku zile hazikuwa na nguvu ya kuchora chuma juu ya mwili. Suluhisho likawa kupaka: kwa sehemu kubwa, deraya ilikuwa picha iliyobandikwa juu ya umbo lilelile la mtu aliye uchi. Aliyevaa chuma kizito na aliyevaa matambara walikuwa na kifua kimoja, rangi tofauti.

Blizzard, wenye World of Warcraft, walitumia ujanja huohuo mwaka 2004. Kifua na miguu vilipakwa. Vitu vichache tu vilifuliwa kama maumbo yanayojitegemea: chapeo, silaha, ngao na mabega. Bega lilikuwa rahisi kuliko yote, kwa sababu halikunjiki. Unalitundika kwenye nukta moja ya mwili, basi. Ongeza kwamba kamera hukaa nyuma na juu ya mchezaji, ambaye kwa saa mia kadhaa haoni uso wake ila kisogo na mabega. Ongeza tena kwamba wachoraji wa kampuni hiyo, akiwamo Samwise Didier, walitoka kwenye Warcraft III ya mwaka 2002, ambamo askari ana ukubwa wa ukucha na lazima atambuliwe kwa umbo kabla hajakuua. Katika uwanja wa vita wa Alterac Valley, watu 40 dhidi ya 40, bega ndilo linalokwambia yule anayekujia ni mponyaji au mchinjaji. Bega ambalo fundi wa Milano angelicheka ndilo lililokuwa la manufaa kuliko vyote.

Hapo wapenda fahari wananipata. Lakini kuna sehemu moja hawanipati.

Kama deraya ni picha iliyobandikwa juu ya ngozi, basi kuipunguza hakumgharimu mchoraji kitu. Ndani ya mafaili ya World of Warcraft, picha za mavazi hubeba alama mwishoni mwa jina: U kwa picha inayotumika kwa wote, M kwa mwanamume, F kwa mwanamke. Palipo na F, ndipo suruali ya chuma ya mwanamume ilipogeuka chupi ya chuma kwa mwanamke. Kitu kilekile, jina lilelile, namba zilezile. Ugonjwa huo ulitoka kwenye vitabu vya katuni. Red Sonja alipotokea mara ya kwanza kwa Marvel mwaka 1973 alivaa shati la minyororo. Mwaka uliofuata Mhispania Esteban Maroto alimchora na bikini ya vipande vya chuma, na shati halikurudi kwa miaka mingi. Gemu ya Lineage II ya Korea Kusini, mwaka 2003, iliufanya mtindo huo kuwa alama ya biashara. Ukiniambia dunia ya kubuni haifuati sheria zetu, nitakubali. Ila sheria yake iwafunike mwanamume na mwanamke, au iwavue wote wawili.

Kilichokuja kuupindua mzozo mzima kilikuwa aibu ya mavazi. Januari 2007 Blizzard walifungua bara jipya, Outland. Watu waliokuwa wamekesha mwaka mzima, 40 kwa mpigo, kukusanya deraya kamili yenye rangi moja, walikuta kwamba vitu vya kazi ndogondogo za siku ya kwanza huko vina namba kubwa zaidi. Wakavua, wakavaa. Kofia ya zambarau, kifua cha kijani, suruali ya chungwa, buti nyekundu. Wachezaji wenyewe walisema wamekuwa vichekesho vya sarakasi. Kwa mara ya kwanza kila mtu, mpenda uhalisia na mpenda fahari, alilalamika kwa sauti moja.

Dawa ilikuwa inajulikana. City of Heroes, gemu ya mashujaa wa mjini iliyofunguliwa Aprili 2004, ilitenganisha nguvu na vazi tangu mwanzo: ulivaa ulichotaka, na vazi halikuwa na namba. Lord of the Rings Online nayo ikaruhusu vazi la nje lifunike deraya ya hesabu. Blizzard walikawia hadi mwishoni mwa Novemba 2011, kwenye toleo la 4.3, ndipo walipoleta kile wachezaji wanachokiita transimogi: unamlipa mfanyabiashara wa mjini dhahabu kidogo, naye anakupa sura ya dirii ya zamani juu ya namba za dirii mpya. Siku zilizofuata miji ilijaa mapadri wa vita waliovaa seti ya Judgement, yenye rangi nyekundu na dhahabu, ambayo kwa karibu miaka mitano ilikuwa inaoza stoo. Final Fantasy XIV ikafuata njia hiyo mwaka 2014, na huko utasikia watu wakisema, nusu utani, kwamba kupigana ni kisingizio cha kutafuta nguo.

Pesa nazo zilinusa. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda walikuwa wameuza deraya ya farasi katika gemu yao, Oblivion, kwa dola 2.50, wakachekwa dunia nzima kwa kuuza pambo. Leo maduka ya gemu hizi yanaishi kwa mapambo, na hakuna anayecheka.

Kuna sharti moja la mwaka 2011 ambalo halikutajwa sana. Transimogi ilikataa vitu duni, vile vyenye majina ya rangi nyeupe na kijivu: shati la minyororo la duka la kijijini, suruali ya ngozi anayoangusha jambazi wa njiani. Yaani deraya pekee zilizofanana na deraya ndizo zilizopigwa marufuku. Mwaka 2016 mchezaji aliruhusiwa kuyaficha mabega yake. Mapema mwaka 2023 vitu vyeupe na vya kijivu navyo vikaruhusiwa, na wapiganaji wa ngazi ya juu kabisa wakarudi kwenye maduka ya vijiji vya kuanzia, kununua kwa sarafu za shaba mashati waliyoyatupa walipokuwa wageni.

Ukikutana na mmoja wao sasa, utaona mtu wa kawaida aliyevaa minyororo, bila fuvu, bila moto, akiinua upanga bila chochote kumgusa taya. Kwenye hesabu za seva, chini ya shati hilo, bado ameyabeba yale mabega.