Bure, Huria na Msaada: Historia ya Zana za Wanaprogramu wa Mifumo Pachikwa na Funzo Lake kwa Sera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya zana zinazotumiwa kuandika programu za kompyuta ndogo zilizopachikwa ndani ya vifaa, kuanzia mwaka 1980. Hoja yake kuu ni kwamba ushindani kati ya zana za kibiashara na zana huria haukuwa wa bei pekee. Ulihusu pia msaada: nani ana haki ya kuutoa, nani anaulipia, na unatolewa kwa lugha gani. Tofauti ambayo Kiswahili huiweka kati ya maneno bure na huria inatumika hapa kama nyenzo ya uchambuzi.

1.0 Utangulizi

Mtu anapoingiza tarakimu 20 katika mita ya LUKU nchini Tanzania, Yaka nchini Uganda au Cash Power nchini Rwanda, huwa anawasiliana na kompyuta asiyoiona. Kompyuta hiyo imo ndani ya kifaa, ina kumbukumbu ndogo, nayo hufanya kazi ileile kwa miaka mingi. Mifumo ya aina hii ndiyo inayoitwa mifumo pachikwa.

Kwa kawaida, programu ya mfumo pachikwa haiandikwi ndani ya mfumo wenyewe. Huandikwa katika kompyuta ya mezani, ikatafsiriwa na kompaila kuwa amri za chipu, ikahamishiwa kwenye chipu, kisha ikachunguzwa kwa zana ya kusaka hitilafu. Mwanaprogramu akikosa mojawapo ya zana hizi, kazi yake husimama. Kuna hitaji la nne ambalo aghalabu husahaulika katika mipango, nalo ni msaada: maelekezo yanayosomeka na mtu wa kujibu swali pale mambo yanapokwama. Makala haya yanafuatilia hitaji hilo la nne.

2.0 Enzi ya leseni

Mwaka 1980 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu ya 8051, iliyokuwa na kilobaiti 4 za kuhifadhia programu na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kazi. Katika nafasi finyu kiasi hicho, kompaila iliyopoteza baiti chache iliweza kuifanya programu nzima isienee. Ubora wa kompaila ulikuwa suala la kufaulu au kutofaulu kwa kifaa.

Mazingira hayo yalizaa kampuni zilizobobea. Keil ilianzishwa nchini Ujerumani mwaka 1982, na IAR ikaanzishwa mjini Uppsala, Uswidi, mwaka 1983. Wateja wa kampuni hizo walilipia leseni, lakini walichokipata kilizidi programu iliyomo kwenye diski. Walipata utaalamu wa watu walioijua chipu kwa undani. Mfano mzuri ni chipu ya AVR, iliyobuniwa Trondheim, Norwei, na Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, kisha ikaingizwa sokoni na kampuni ya Atmel katika miaka ya 1990. Kabla ya usanifu wake kukamilika, wataalamu wa kompaila wa IAR walishauri jinsi amri zake zingeweza kuifaa zaidi lugha ya C, na usanifu ukarekebishwa. Huo ni ujuzi wa kiwango cha juu, na haki ya wenye ujuzi kulipwa haina ubishi.

Upungufu wa mfumo huo ulikuwa mahali pengine. Msimbo chanzo ulibaki kwa mwenye kampuni. Mteja aliyegundua hitilafu katika kompaila hakuweza kuirekebisha mwenyewe wala kumpa fundi mwingine airekebishe, ilimlazimu kusubiri. Kwa mwanafunzi kulikuwa na toleo la majaribio lililotolewa bila malipo, lakini kwa mipaka. Kwa miaka mingi toleo la bure la zana za Keil kwa chipu za ARM lilikomea kilobaiti 32 za programu. Mwanafunzi aliweza kujifunza, ila mradi ulipokua kupita kiwango hicho alijikuta mlangoni pa leseni. Toleo hilo lilikuwa bure, halikuwa huria.

3.0 GNU na biashara ya msaada

Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo kamili wa programu ambazo kila mtumiaji angeruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzisambaza. Toleo la kwanza la kompaila ya mradi huo, GCC, lilitoka mwaka 1987.

Wengi waliuelewa mradi huu visivyo, na chanzo kimojawapo kilikuwa cha kiisimu. Neno la Kiingereza lililotumiwa lina maana mbili kwa pamoja: kisicholipiwa na kisichofungwa. Stallman alitumia miaka mingi akifafanua kwamba alikusudia maana ya pili. Matendo yake yalithibitisha maelezo hayo, kwani katikati ya miaka ya 1980 alijipatia riziki kwa kuuza kanda zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150. Mnunuzi alilipa, alichopewa kilikuwa huria hata hivyo.

Tukio lenye uzito zaidi kwa mifumo pachikwa lilifuata mwaka 1989. Michael Tiemann, David Henkel-Wallace na John Gilmore walianzisha kampuni ya Cygnus huko California. Kampuni hiyo haikuuza leseni ya kompaila, kwa kuwa kompaila ilikuwa mikononi mwa kila aliyeitaka. Iliuza msaada. Watengenezaji wa chipu waliilipa ili GCC iweze kuzalisha amri za chipu zao mpya, na wateja wengine waliilipa ili hitilafu zao zirekebishwe kwa wakati. Marekebisho mengi yaliyolipiwa na mteja mmoja yaliishia kuwa mali ya wote. Mwezi Novemba 1999 kampuni ya Red Hat ilitangaza kuinunua Cygnus, ishara tosha kwamba msaada wa programu huria ulikuwa umekuwa biashara kamili.

Kwa hiyo, si sahihi kueleza historia hii kama vita kati ya wafanyabiashara na watu wa kujitolea. Zana huria za mifumo pachikwa zilikomaa kwa sababu, pamoja na juhudi za kujitolea, kulikuwa na watu waliolipwa kuzihudumia.

4.0 Mipaka inafifia

Mwaka 2005 bodi ya Arduino ilizaliwa mjini Ivrea, Italia, ikijengwa juu ya mradi wa Wiring ulioanzishwa na Hernando Barragán mwaka 2003. Ilitumia chipu ya AVR, na ndani ya programu yake nyepesi kulikuwa na GCC. Wasanii na wanafunzi ambao wasingeweza kulipia leseni waliweza sasa kuandika programu ya mfumo pachikwa. Mwaka huohuo Dominic Rath aliwasilisha tasnifu mjini Augsburg, Ujerumani, iliyoanzisha OpenOCD, zana huria ya kusaka hitilafu ndani ya chipu yenyewe.

Watengenezaji wa chipu nao waligundua kwamba faida yao imo katika chipu, na kwamba leseni ya zana ni kizuizi kwa mteja. ARM iliinunua Keil mwaka 2005. STMicroelectronics iliinunua kampuni ya Atollic mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatoa STM32CubeIDE bila malipo, ikiwa na GCC ndani yake.

Hata hivyo, zana za kibiashara hazijapoteza nafasi. Kifaa cha hospitali au breki ya gari huhitaji kompaila yenye ithibati ya usalama, na kampuni kama IAR huuza matoleo yaliyokaguliwa kwa viwango vya IEC 61508 na ISO 26262. Katika hali kama hiyo taasisi hununua dhamana, na kuiruka ili kuokoa fedha ni hatari.

5.0 Bure, huria na sera

Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Huria, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya uhuru. Bure humaanisha bila malipo, na pia bila faida, kama tusemapo kazi bure. Mshauri wa sera anayeandika katika waraka wake kwamba taasisi itatumia programu za bure hufanya makosa mawili. Kwanza, huchanganya toleo la majaribio lenye mipaka na zana huria. Pili, humwelekeza mhasibu aandike sifuri mahali pa msaada, ilhali historia ya Cygnus inaonyesha kwamba hapo ndipo fedha zinapohitajika.

Uhuria una faida nyingine inayotuhusu wanalugha moja kwa moja. Zana iliyofungwa hutafsiriwa pale tu mwenyewe anapoona soko. Zana huria hutafsiriwa na yeyote mwenye uwezo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili bila kusubiri uamuzi wa kampuni yoyote ya ng'ambo. GCC nayo imeundwa kwa namna inayoruhusu ujumbe wake wa hitilafu kutafsiriwa. Mwanafunzi anayeelezwa kosa lake kwa lugha aifahamuyo vyema ameshapata nusu ya msaada.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Makala haya hayapendekezi kuzikataa zana za kibiashara. Yanapendekeza kupima utegemezi. Kwanza, taasisi za umma zitenge bajeti ya msaada hata pale leseni isipolipiwa, na bajeti hiyo iajiri mafundi wa ukanda huu. Pili, mikataba ya ununuzi wa vifaa kama mita ieleze ni zana gani zilitumika na nani ataruhusiwa kurekebisha programu yake baada ya muuzaji kuondoka. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyuo vikuu vishirikiane kusanifisha istilahi za mifumo pachikwa, vikianza na kutenganisha bure na huria katika nyaraka za serikali. Kompaila inaweza kupakuliwa kwa dakika chache. Mtu wa kuieleza, kuirekebisha na kuifundisha kwa Kiswahili huandaliwa kwa miaka, na gharama yake sharti ionekane katika bajeti.