Kipoza Joto cha Shilingi 19,000: Je, Masimba Inakihitaji?

Fungua kompyuta ya mezani ya Ex-UK, aina ile iliyozibeba saiba za miji midogo ya Kenya kwa miaka mingi, na jambo la kwanza utakaloliona ni feni. Chini yake pana kipande cha alumini chenye mapezi, na chini ya alumini ndipo ilipo prosesa. Kifaa hicho, yaani kipoza joto, kilifungwa kiwandani na mnunuzi hakukifikiria hata siku moja. Leo kijana anayejiundia mashine ya michezo au ya kuhariri video anaambiwa kuwa bila kipoza joto cha bei ghali, mashine yake itaungua. Kabla hajatoa pesa, ni vyema aijue historia ya kifaa chenyewe.

Zamani prosesa hazikuhitaji feni. Intel 486 za kwanza, zilizotoka mwaka 1989, zilikaa wazi kwenye ubao na hewa ya ndani ya kasha ikatosha. Mambo yalibadilika mwaka 1993 Pentium ilipoingia ikitumia takriban wati 15. Ni kiasi kidogo, lakini kilitoka kwenye kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na feni ikawa haina budi. Kufikia mwaka 2004 Pentium 4 ya kizazi cha Prescott ilikuwa imefika wati 115, na feni zilizouzwa nayo zilipiga kelele za kuchosha ofisi nzima. Mwezi Mei mwaka huohuo Intel iliifuta Tejas, prosesa iliyotarajiwa kuirithi. Joto lilikuwa limeishinda kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo.

Suluhisho lilikuwa limekwisha kuvumbuliwa, ila kwa kazi nyingine. Mwaka 1963 mwanafizikia George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alitengeneza bomba la kuhamisha joto, likafaa sana kwa vyombo vya anga za juu. Ni bomba lililozibwa pande zote, lenye kimiminiko kidogo ndani. Upande wa moto kimiminiko hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hupoa na kurudi kuwa kimiminiko, kisha hunyonywa hadi kilikotoka na utando wa ndani, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambini. Halina mota wala pampu. Mabomba ya shaba ya aina hii yalipopitishwa katikati ya mapezi ya alumini, kipoza joto kikawa mnara.

Hapo ndipo bei ya juu ilipopata sababu. Noctua, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Austria na Taiwan, iliuza minara yenye feni zilizosanifiwa kwa uangalifu mkubwa. NH-D15 yake ya mwaka 2014 ina minara miwili, mabomba sita na feni mbili, na uzito wake ni zaidi ya kilo 1.3. Mwaka uliofuata Intel ilianza kuuza prosesa za Skylake zenye herufi K bila kipoza joto chochote kwenye boksi. Gharama iliyokuwa imefichwa ndani ya bei ya prosesa ikahamia mfukoni mwa mnunuzi, na soko likapanuka.

Kwa maoni yangu, miaka ile aliyelipa zaidi alipata zaidi. Siku hizi sivyo tena. Thermalright ya Taiwan ilileta Peerless Assassin 120, nayo ina minara miwili, mabomba sita na feni mbili, kwa takriban dola 35. Katika majaribio mengi tofauti yake na NH-D15 ni nyuzi chache tu. NH-D15 G2 ya mwaka 2024 ilitoka kwa dola 150. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi 19,000 dhidi ya 4,500, kabla ya nauli na VAT ya asilimia 16.

Sasa tuje Masimba, makao makuu ya kaunti ndogo ya Masaba Kusini katika Kaunti ya Kisii. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ardhi huzidi kupanda kuelekea Masaba. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo feni ileile hubeba joto kidogo kuliko ambavyo ingelibeba Mombasa ikizunguka kwa kasi ileile. Lakini chumba cha Masimba nacho ni baridi. Chukua prosesa inayozidi joto la chumba kwa nyuzi 40 ikiwa Mombasa. Huko chumba kikiwa na nyuzi 30, prosesa hufika 70. Masimba hewa nyepesi inaweza kuiongezea nyuzi tano hivi, lakini chumba kikiwa na nyuzi 20, prosesa itaishia 65. Zile nyuzi chache zinazouzwa kwa maelfu ya shilingi, nyanda za Gusii zimekwisha kuzitoa bure.

Mashine za huku zinasumbuliwa na mambo mengine. Vumbi la murram la Januari na Februari hujaa kwenye mapezi mpaka hewa haipiti. Pesti iliyo kati ya prosesa na alumini hukauka baada ya miaka, na mashine ya Ex-UK hufika ikiwa tayari na miaka yake. Fundi akiisafisha na kupaka pesti mpya, kwa gharama ndogo tu, joto hushuka kuliko ambavyo mnara wowote ungelishusha juu ya vumbi. Usafi huo si jambo dogo: tangu huduma za serikali zihamie kwenye mifumo ya mtandaoni kama iTax na eCitizen, saiba ndiyo ofisi ya serikali iliyo karibu zaidi na mkulima wa chai. Mashine ya saiba ikizima katikati ya fomu, anayeumia ni huyo mkulima.

Sitasema kipoza joto ghali ni upuuzi. Studio inayorekodi nyimbo za injili inahitaji kimya, na feni nzuri hutoa kimya kweli. Noctua hutoa dhamana ya miaka sita, na mara nyingi huwapelekea wateja vifungio vya prosesa mpya bila malipo, hivyo mnara mmoja unaweza kupita mashine mbili au tatu. Anayelipia hayo ajue analipia utulivu na umri. Na kama mashine inaundwa Nairobi na kusafirishwa hadi Masimba, mnara wa kilo moja ung'olewe kwanza. Barabara mbaya inaweza kuupasua ubao.

Kwa prosesa ya wati 65, ambayo ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za ofisini, feni ya kiwandani iliyosafishwa inatosha Masimba. Kwa ya wati 120, nunua mnara wa shilingi 4,500. Salio lifanye malipo ya awali ya UPS, kwa sababu stima hukatika huku mara nyingi kuliko prosesa inavyopata joto.