Yozefu alikuwa mwana wa nani? Habari ya swali la kale



Kila mwaka Noeli inapokaribia, swali moja hurudi kwetu. Katika Misa ya kesha twasoma ukoo wa Bwana wetu Yezu Kristu katika Evanjili ya Matayo. Halafu mkatekista mwenye bidii hufungua Luka, sura ya 3, na kuona majina mengine. Matayo asema Yozefu alizaliwa na Yakobo. Luka asema alikuwa mwana wa Heli. Matayo apita kwa Salomoni mwana wa Daudi. Luka apita kwa Natani, mwana mwingine wa Daudi. Kati ya Daudi na Yozefu majina yaachana karibu yote, isipokuwa Salatieli na Zorobabeli.

Mkatekista mmoja mzee, wa parokia moja ya huku Bukavu, alituuliza neno hilo mbele ya wakatekumeni wake. Tulijibu upesi kwamba Matayo aliandika ukoo wa Yozefu, naye Luka ukoo wa Mariya. Mzee akatia kidole katika kitabu, akasema: « Padri, hapa pameandikwa Yozefu. » Alikuwa na haki. Jibu letu lilianza kuenea sana mwishoni mwa karne ya 15, nalo Luka mwenyewe halitaji hata kwa neno moja. Ndiyo maana tumeona vema kurudi kwa Mababa wa Eklezia, tutazame namna walivyojibu.

Wa kwanza ni Julius Africanus, aliyeishi Emau katika Palestina, akafa karibu na mwaka 240. (Jina lake lisitudanganye: kazi yake ilikuwa huko Palestina, si huku Afrika.) Alimwandikia barua mtu aitwaye Aristides, nayo imehifadhiwa na Eusebius katika kitabu chake cha historia ya Eklezia. Siku zile Wakristu fulani walikuwa wakisema kwamba majina yalichanganywa kwa makusudi, ili Kristu aonekane kuwa mfalme na kuhani pamoja. Africanus alikataa kwa ukali. Hakutaka uwongo utumiwe kumtukuza Kristu. Ndugu waseminaristi, someni neno hilo mara mbili, kwani kishawishi cha kuitetea imani kwa jibu lisilo kweli hakikufa pamoja na watu wale. Sisi wenyewe tulikwisha kuanguka humo mbele ya mzee wetu.

Kisha akaleta maelezo yake, ambayo asema yalitoka kwa watu wa jamaa ya Bwana. Mwanamke mmoja, Esta, alizaa Yakobo kwa mume wa kwanza, na Heli kwa mume wa pili. Basi Yakobo na Heli walikuwa ndugu wa tumbo moja, wa baba mbalimbali. Heli akafa bila mtoto. Yakobo akamtwaa mjane wake, akamzaa Yozefu. Kwa damu Yozefu ni wa Yakobo. Kwa Sheria ni wa Heli, maana Sheria ya Musa iliagiza kwamba mtoto wa kwanza wa mjane aliyetwaliwa hivyo alichukue jina la marehemu (Kumbukumbu la Sheria 25, 5-10). Africanus aliona tena kwamba Matayo asema « alizaa », lakini Luka alijihadhari na neno hilo.

Tulipomsomea mzee maelezo hayo, hakushangaa hata kidogo. Alicheka, akasema kwamba yeye mwenyewe ana baba wawili: mmoja aliyemzaa, na mwingine aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, ambaye alichukua jina lake. Wazungu wenye elimu wameandika kurasa nyingi ili kuifahamisha desturi hiyo kwa watu wao. Huku Kivu wazee wengi waifahamu bila kitabu. Hatuisifu. Wajane wangapi walitwaliwa kwa nguvu, mapadri wasikiao mashauri yao wanajua. Lakini desturi ikijulikana, andiko lafunguka.

Sasa twende Afrika ya Kaskazini, nchi ile ambamo Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, hao waliofika Bushi mwaka 1906. Huko, mwaka 354, alizaliwa Mtakatifu Agustino. Katika ujana wake swali hili hili lilimpotosha. Aliwakiri waamini wake katika mahubiri kwamba aliyakaribia Maandiko kwa ukali wa kubishana, pasipo unyenyekevu wa kutafuta. Akakaa na Wamanikeo muda wa miaka tisa hivi. Mkubwa wao Faustus, Mwafrika wa Milevi, alifundisha kwamba Matayo na Luka hawapatani juu ya ukoo, kwa hiyo aliziacha koo zote mbili.

Agustino alibatizwa Milano kwa Pasaka ya mwaka 387, akawa askofu wa Hippo, akamjibu Faustus kwa kitabu kikubwa. Alisema baba mmoja alimzaa Yozefu, na mwingine alimfanya mwana wake. Akaandika tena, karibu na mwaka 400, vitabu vinne juu ya mapatano ya Waevanjilisti. Na katika barua kwa Mtakatifu Yeronimo alieleza anavyofanya akikutana na neno linaloonekana kupinga kweli: ao nakala ina kosa, ao mfasiri hakushika maana, ao yeye mwenyewe hakufahamu.

Tena jambo lililotugusa zaidi. Mwaka 426 ao 427, mzee na karibu na kufa, Agustino alivipitia vitabu vyake vyote ili kuvisahihisha. Alipofika kwenye jibu lake kwa Faustus, aliandika kwamba lilikuwa na upungufu: ingempasa kutaja ile Sheria ya mke wa ndugu, kwa sababu maneno yake yalionekana kusema habari ya baba mwingine aliye hai. Askofu mwenye sifa katika Eklezia yote, na mshindani wake alikuwa amekwisha kufa; nani angemdai? Hata hivyo alijisahihisha.

Je, swali limekwisha? Hapana. Africanus mwenyewe alikubali kwamba maelezo yake hayana ushahidi, ila hakuna mengine bora. Tena asema baba wa Heli ni Melki, na katika Luka tunayosoma leo, kati ya Heli na Melki mna Matati na Levi. Tusilifiche.

Papa Pius XII, katika barua yake ya 30 Septemba 1943, aliwaagiza wataalamu watafute namna za kuandika za watu wa kale. Katika Matayo njia hiyo yasaidia sana. Ahesabu mara tatu vizazi 14, na katika Kiebrania herufi za jina la Daudi zahesabika 14. Ili hesabu itimie aruka wafalme watatu, Okozia, Yoasi na Amasia. Anayetafuta kitabu cha wazaliwa kama kile cha ofisi ya komini atamwona Matayo kuwa mwandishi mbaya. Lakini jirani zetu wa Rwanda walikuwa na watu wa kazi hiyo katika ikulu ya mfalme, abacurabwenge, na orodha yao ilitangaza haki ya kutawala. Matayo naye atangaza: huyu ni mwana wa Daudi, mwana wa Abrahamu. Luka apanda mpaka Adamu, kwa sababu nyingine.

Tulirudi kwa mzee, tukamwambia wazi kwamba jibu letu la kwanza halikuwa na msingi, na kwamba hili la pili ni la kale, lakini bila shahidi. Akauliza kama aweza kuwaambia wakatekumeni maneno hayo yote mawili. Tukamkubalia. Jumamosi iliyofuata tulikuta ubaoni orodha zote mbili, Yakobo upande mmoja, Heli upande mwingine, na chini yao jina la Esta, ameandika pembeni: « wazee wasema ».