Alsace na Ukami

Nimekulia Mzinga, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Sikutegemea kwamba utafiti wangu wa shahada ya uzamili ungenipeleka Alsace, jimbo la zamani la Ufaransa kando ya mto Rhine.

Nilianza na Padri Antoine Horner, mmoja wa waanzilishi wa misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Vitabu humwita Mfaransa, basi. Kumbe kwao ni Alsace, ambako bendera ilikuwa ya Ufaransa tangu karne ya 17 lakini vijijini watu walizungumza lahaja ya Kijerumani. Mapinduzi ya Ufaransa yalilifuta jimbo hilo mwaka 1790 na kuligawa vipande viwili; jina likabaki vinywani mwa watu.

Mwaka 1870 Horner alisafiri kutoka pwani hadi Ukami, yaani huku kwetu. Mwaka huohuo Ufaransa ikaingia vitani na Prussia, ikashindwa, na Mei 10, 1871 ikatia sahihi Mkataba wa Frankfurt. Alsace ikawa ya Ujerumani. Padri yuko Afrika Mashariki, kijiji alichozaliwa kimehamia nchi nyingine bila tofali kusogea.

Kilichoninyima usingizi ni kilichofuata. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za Kijerumani, lugha wasiyoijua. Februari 27, 1885 Kaisari Wilhelm I akatoa hati ya ulinzi. Ni yuleyule aliyeichukua Alsace, miaka 14 kabla.

Nilimsimulia bibi tukichambua maharage.

“Hao wenzetu waliulizwa?”

Nikamweleza kwamba hawakuulizwa, ila walipewa hadi Oktoba 1, 1872 kuchagua kubaki raia wa Ufaransa, kwa sharti la kuhama. Maelfu walihama.

“Na shamba je, mtu anajitwika?”

Swali hilo sijalikuta katika kitabu chochote nilichosoma, nami naona ndilo lenyewe. Ukami hata uchaguzi huo mchungu haukuwapo.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles uliinyang'anya Ujerumani kote kuwili. Alsace ikarudi Ufaransa.

“Na sisi wakatupa nani?”

“Waingereza, bibi.”

“Ahaa, hao nawajua,” akasema, akipuliza makapi. “Walimlimisha mama yangu matuta ya ngazi kule mlimani.”