Muda Usiohesabiwa

Ukimtafuta Hermann Maier mtandaoni, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni anguko. Ni tarehe 13 Februari 1998, mlimani Hakuba, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Mwanamume anashuka kwa skii kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kona inamshinda, anapaa. Anatua kwa bega na kichwa, anabingirika, anapasua nyavu mbili za usalama na kufukiwa na theluji. Kisha anasimama. Siku tatu baadaye alishinda dhahabu ya Super-G, na siku tatu baada ya hapo, dhahabu ya slalomu kubwa.

Nimeitazama video ile mara nyingi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hadithi yake yote imo humo: mtu alianguka, akainuka. Sasa siku inayonikaa akilini ni nyingine. Siku hiyo Maier hakuanguka wala hakushinda. Hakuwa hata mshindani.

Alizaliwa mwaka 1972 na kukulia Flachau, kijiji cha milimani nchini Austria, ambako baba yake aliendesha shule ya skii. Akiwa na miaka 15 alikuwa katika shule ya wanaskii chipukizi ya Schladming. Alikuwa mdogo wa umbo, na magoti yalimuuma kwa sababu ya matatizo ya ukuaji. Akaonekana hafai, akarudi nyumbani. Akajifunza uashi. Majira ya joto alijenga kuta. Majira ya baridi alifundisha skii.

Kabla ya mashindano ya skii kuanza, watu wachache hutangulizwa kuipima njia. Wanapita milango ile ile watakayopita mabingwa, lakini muda wao hauingii kwenye matokeo. Januari 1996 Kombe la Dunia lilifika Flachau, na mwashi huyu wa miaka 23 akawa mmoja wa watangulizi hao. Alipofika chini, saa ilionyesha muda ambao ungempa nafasi ya 12 katika slalomu kubwa, miongoni mwa wanaume bora duniani. Muda huo haukuhesabiwa, lakini ulionekana. Makocha wa taifa wakamchukua. Mwaka uliofuata alishinda mbio zake za kwanza za Kombe la Dunia.

Yaliyofuata yamo kwenye rekodi: ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia mwaka 1998, 2000 na 2001, huku akishinda mbio 13 katika msimu mmoja. Agosti 2001 pikipiki yake iligongana na gari karibu na Radstadt. Mguu wa kulia uliumia vibaya hivi kwamba madaktari walifikiria kuukata. Januari 2003 alirudi mashindanoni, na wiki mbili baadaye akashinda Super-G ya Kitzbühel. Mwaka 2004 akawa bingwa wa jumla kwa mara ya nne. Alistaafu mwaka 2009 akiwa na ushindi mara 54.

Watu husimulia maisha haya kuthibitisha kwamba asiyekata tamaa hufika. Mimi sikubaliani nao kabisa. Baada ya ajali, Maier alikuwa na madaktari, timu, na nchi nzima iliyomngoja. Alipotoka Schladming akiwa kijana, hakuna aliyemngoja. Kwa miaka kadhaa alikuwa na subira ile ile na miguu ile ile, ila haikumfikisha popote hadi mbio zilipomfuata kijijini kwake, na saa, ambayo haijui nani aliachwa shuleni, ikampima.

Je, kama msimu ule mashindano yangepelekwa kijiji kingine? Bila shaka angebaki mwashi hodari, na Flachau ingekuwa na kuta zaidi zilizonyooka. Hilo si jambo la aibu. Kinachonisumbua ni kwamba waliomkataa wangeendelea kuamini walikuwa sahihi, kwa kuwa mtoto aliyeachwa nje hana matokeo yanayoweza kuwasuta.

Kwa hiyo kila ninapoona orodha ya waliochaguliwa, hujiuliza ni nani ametangulia kupita njia ile ile asubuhi, kabla ya watazamaji kufika.