Chura wa Mikondo wa Elgon

Chura wa mikondo wa Elgon (Arthroleptides dutoiti) ni chura wa vijito vya mawe katika misitu ya Mlima Elgon, ambao miteremko yake ya magharibi inaangalia mji wa Mbale. Arthur Loveridge alimweleza kisayansi mwaka 1935 kwa vielelezo vya Mto Koitobos, upande wa Kenya, akampa jina la mwanazoolojia wa Afrika Kusini, C. A. du Toit, aliyefuatana naye mlimani. Maji ya Koitobos huingia Nzoia, kisha Ziwa Viktoria, na hatimaye hutokea Jinja yakiwa Nile.

Uwezo wa chura huyu uko vidoleni: ncha zimepanuka, hivyo hung'ang'ania mwamba unaoteleza bila kusombwa. Ajabu zaidi ni viluwiluwi wa jamaa yake wa Usambara, A. martiensseni, wenye miili bapa na mikia mirefu, ambao hutambaa juu ya mawe yaliyoloa badala ya kuogelea.

Chura wa Elgon alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Waliomtafuta baadaye wamerudi mikono mitupu, na ameorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka.