Likizo ya Susu

Kijitabu cha mazishi ya nyanya yangu kina kurasa kumi na mbili, picha kibao, na sentensi moja kuhusu kazi yake: nesi mwenye kujitolea, mama mpendwa, nyanya wa wengi. Kama umewahi kwenda matanga Ukambani, au popote pale Kenya, unaijua hiyo sentensi. Huandikwa usiku na binamu mwenye laptop huku mwenye duka la kuchapisha akingoja asubuhi. Simlaumu binamu yangu. Ila sentensi yenyewe inapanga nesi, mama na nyanya kwenye mstari mmoja kana kwamba vitu hivyo vitatu viliishi pamoja kwa amani. Kwa wanawake wa kizazi chake havikuishi kwa amani, na sehemu kubwa ya ugomvi huo iliandikwa kwenye sheria.

Nitamwita Susu, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. Wewe labda unasema shosho, au dani, au kukhu.

Wazazi wake hawakuwa watu wa Makueni. Walishuka kutoka milima ya Mbooni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya mkoloni ilipoanza kufyeka msitu wa huku chini ili kufukuza mbung'o na kugawia watu mashamba. Milimani ardhi ilikuwa imejaa watu na udongo umemomonyoka. Mzungu alikuwa amejaribu dawa nyingine kabla ya hapo: mwaka 1938 alinyang'anya Wakamba ng'ombe ati ni wengi mno kwa malisho, Muindi Mbingu akaongoza watu hadi Nairobi kupinga, na malipo yake yakawa kuhamishiwa kizuizini Lamu. Makueni ikaja baadaye kama dawa ya pili. Mwanzoni watu hawakuikimbilia. Nani anataka shamba lenye mbung'o na masharti ya kuchimba matuta?

Tarehe yake ya kuzaliwa kwenye kitambulisho ilikisiwa. Yeye alihesabu umri kwa njaa, kama watu wa rika lake wote. Alizaliwa wakati wa njaa ya makonge, watu walipokuwa wakiuza nyuzi za mkonge wapate chakula. Mwaka 1961, njaa ya ndeke, ndege zilipodondosha chakula, alikuwa msichana wa kutumwa mtoni. Na mwaka 1984, njaa ya nikw'a ngwete, maana yake "nakufa nikiwa nimeshika", yaani pesa mkononi na dukani hakuna kitu, alikuwa nesi aliyekomaa mwenye watoto watano.

Unesi aliupata kupitia wamishenari, kama wengi. Africa Inland Mission walianzia hapa kwetu: kundi la kwanza la Peter Cameron Scott lilipiga kambi Nzaui mwaka 1895, na mwaka uliofuata Scott mwenyewe akafa. Miaka sabini na kitu baadaye, msichana aliyemaliza shule ya msingi alikuwa na milango mitatu: ualimu, unesi, kuolewa. Susu aliingia wa pili, na wa tatu ukamfuata huko huko. Alitoka na cheti, si diploma. Hiyo tofauti inaonekana ndogo hadi uione kwenye mshahara na kwenye nani anapewa amri na nani anazitoa. Kijijini haikujulikana. Huko wote walimwita daktari.

Aliingia kazini wakati mzuri. Mwaka 1965 serikali mpya ilikuwa imefuta ile ada ya shilingi tano ya enzi ya mkoloni, na watu waliamini kwamba hospitali ni yao. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Kile kibomba cha kuweka tumboni kwa mama na kutega sikio kusikiliza moyo wa mtoto. Friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhi chanjo, hasa baada ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza mwaka 1980. Utambi ukizima usiku, dawa ya surua imeharibika. Na maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji safi. Lita akina mama wangeipimaje? Chupa mbili za Tusker. Susu, mkristo wa AIC ambaye hakuwahi kuonja pombe, alikuwa na mstari wa chupa za Tusker dirishani, na pasta alijifunza kutouliza.

Miaka ileile, 1981 hadi 1985, Mkenya Eunice Muringo Kiereini alikuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lenye makao yake Geneva. Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Susu alilitaja jina lake vile wewe unavyotaja mchezaji wa timu yako.

Sasa tuje kwa umama. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira iliyompa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi miwili yenye malipo kamili. Ilikuwa hatua, usinielewe vibaya. Lakini ilikuwa na mkia: ukichukua likizo ya uzazi, likizo yako ya mwaka huo imepotea. Kuzaa kulihesabiwa kuwa mapumziko. Mkia huo ulikaa kwenye vitabu hadi sheria mpya ya mwaka 2007, iliyotoa miezi mitatu bila kugusa likizo ya mwaka. Watoto watatu wa mwisho wa Susu walizaliwa chini ya sheria ya kwanza. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzalisha wanawake alikatwa likizo mara tatu kwa kuzaa. Ongeza kwamba kwa miaka mingi mwanamke aliyeolewa serikalini hakupewa posho ya nyumba, kwa sababu mwenye nyumba ni mume. Umau, babu yangu, mwenye nyumba huyo, alikuwa bandarini Mombasa akirudi Krismasi.

Mama yangu hapendi neno kujitolea. Kijitabu kilipoletwa alilisoma, akakunja uso, akasema, "Mama alizalisha lokesheni nzima. Sisi tulilelewa na jirani." Akaniambia kuhusu usiku wa kubishiwa mlango, taa ikiondoka na Susu, na watoto watano kubaki gizani wakimhesabia hatua hadi zisisikike. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma bili ya zamani.

Mwezi Desemba 1989 ada zikarudi, zikiitwa kuchangia gharama. Mahudhurio yaliporomoka hadi serikali ikazisimamisha mwaka uliofuata, kisha ikazirudisha polepole kuanzia 1992. Nesi ndiye aliyesimama dirishani kutangaza bei kwa majirani zake. Kwenye kituo alichofanya kazi, ambacho sitakitaja, Susu alianza kuwalipia watu kwa mshahara wake. Alikuwa na daftari la madeni ambayo hakudai. Nilipolifungua juzi, majina mengi yalikuwa ya akina mama wa umri wake, na nikajiuliza ni karo ya nani iliyochelewa. Mama anajua. Hajaniambia.

Halafu ukimwi. Barabara kuu ya Mombasa inapita Makueni: Salama, Emali, Makindu, Mtito Andei, vituo vya malori vyote. Kisa cha kwanza Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Rais Moi alikuja kuutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999. Katikati hapo kuna miaka kumi na mitano ya manesi kuuguza watu kwa glavu chache na minong'ono mingi. Susu alimuuguza mwanawe mwenyewe nyumbani, akamzika. Wajukuu wawili wakahamia kwake.

Alistaafu akiwa na miaka 55, kama ilivyokuwa sheria wakati huo, na ndipo alipopata nafasi ya kulea. Aliwapikia wale wawili uji kila asubuhi, akakagua kucha zao, akaenda mikutano yote ya wazazi shuleni. Mama yangu akija kutoka Nairobi alikaa jikoni akimtazama. "Huyu simjui," aliniambia siku moja, akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Mwaka 2016 kaunti ilileta MakueniCare: shilingi 500 kwa familia kwa mwaka, na waliofikisha miaka 65 bure. Susu alikuwa amefika. Alikwenda Wote kwa matatu kujiandikisha, amevaa sweta ya kazini.

Mwaka uliofuata manesi wa serikali waligoma, kuanzia Juni hadi Novemba, wakitaka makubaliano ya mishahara yatekelezwe. Zahanati iliyo karibu nasi ilikuwa na kufuli. Majirani wakakumbuka mlango wa zamani. Usiku mmoja wa Agosti walimleta msichana wa miaka ishirini hivi kwa bodaboda, maji yameshavunjika, na Susu, magoti yameisha, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Mtoto alikuwa wa kike. Mimi ndiye niliyeshika tochi ya simu.

Alipomaliza kunawa, mama mkwe wa yule msichana alianza kuwalaani manesi wa siku hizi: wamekuwa watu wa pesa, hawana roho ya kujitolea kama yake. Susu alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwa Kikamba, polepole, kwamba wakirudi kazini bila kulipwa atawashangaa, na akamtuma akachemshe maji mengine.